Kisanduku cha Bi Verlene

Naapa kwa kaburi la mama yangu na kwa nyonga yangu mpya ya chuma kwamba haya yote yametokea hapa hapa Tolliver, Missouri, na sijaongeza hata unyoya mmoja. Ningeweza kuongeza. Nimestaafu, muda ninao, na watu wananijua. Lakini kabla ya kuwapa ninyi, niliisoma habari hii kwa sauti kwenye meza yetu ya kahawa, ile iliyo nyuma ya duka la chakula cha mifugo, mbele ya Hoyt Clemmons na wenzake. Meza ile ina kanuni moja. Ukisema uongo, na mezani akawepo aliyeona kwa macho yake, unawanunulia wote donati. Kwa hiyo nimejichunga sana.

Ilianza asubuhi ya Aprili. Bi Verlene Stubblefield alikuwa kwenye sinki la jikoni kwake, anasugua kikaango. Mwanawe Royce alikuwa ameketi mezani nyuma yake, anamalizia mikate ya siagi iliyomwagiwa mchuzi wa soseji. Dirisha la juu ya sinki linatazama uani. Katikati ya ua kulikuwa na nguzo ya chuma, na juu ya nguzo kisanduku cha mwerezi alichokitengeneza marehemu Orval, mume wa Bi Verlene. Ndege jike wa buluu alikuwa ndiyo kwanza ameingia ndani yake na jani kavu mdomoni.

Kisanduku kile hakikuwa na kijiti cha kusimamia mlangoni. Vile vinavyouzwa madukani vinacho, na Bi Verlene alikuwa akiwaambia watu kuwa kijiti hicho ni sawa na kumwekea shomoro ngazi na zulia. Ndege wa buluu hahitaji kijiti. Anajishika kwenye mbao. Chini ya kisanduku, nguzo ilivikwa bomba pana la jiko la bati ili nyoka na rakuni wateleze. Tundu lilikuwa la inchi moja na nusu, ambalo linamtosha ndege wa buluu na linamzuia ndege mkubwa kuliko yeye. Kwa bahati mbaya linamtosha na shomoro.

Shomoro ndiye aliyekuwa akimnyima Bi Verlene usingizi. Watu wa zamani walimleta kutoka ng'ambo, akapenda mji, akakaa. Hana haja ya kusubiri kisanduku kiwe tupu. Anaingia, anamkuta mama wa buluu juu ya mayai, anamdonoa kichwani mpaka atulie. Kisha hamtoi. Analeta nyasi, nyoya za kuku na karatasi, anajenga juu yake. Ukifungua ubavu wa kisanduku siku chache baadaye unakuta kitanda kizuri cha shomoro, na ukikiinua, yupo yule mama chini, mabawa bado buluu.

Royce aliyajua haya tangu akiwa mdogo. Ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake misumari.

"Mama, wale watu wa maghala wamekubali," alisema.

"Wamekubali nini?"

"Shamba, nyumba, yote. Watajenga vile vyumba vya kukodisha, watu wanaweka vitu vyao."

"Vitu gani?"

"Vile wasivyovihitaji."

"Mimi sijakubali."

"Ulitia sahihi hospitalini, mama, ulipovunjika. Uliniachia mimi mambo yote."

"Siku ile walinipa dawa mpaka jina la baba yako likanipotea."

"Sahihi ilikuwa safi kabisa."

Bi Verlene alisuuza kikaango, akakiinamisha kikauke. Royce akamwambia kuwa kwenye makao ya wazee, kule barabara kuu, kuna chumba chenye dirisha. Bi Verlene akauliza dirisha linatazama nini. Royce akasema linatazama maegesho, lakini yana mti.

"Basi utaniacha mpaka watoke," Bi Verlene alisema.

"Watoke kina nani?"

Akamwonyesha kwa kidevu, kule nje.

Royce akacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Ndege wa buluu hata mwezi na nusu hamalizi, toka yai la kwanza mpaka mtoto wa mwisho aruke. Tena asingeweza kufanya vingine hata angetaka, kwa sababu kuna sheria ya serikali kuu, ya Washington, inayokataza kugusa kiota cha ndege wa asili chenye mayai, na nguzo ile ilisimama pale pale kampuni ilipotaka kuweka geti. "Haya, mama," akasema. "Siku kiota kikiwa kitupu, tunafunga virago. Neno langu hilo."

Vifaranga wa kwanza waliruka mwishoni mwa Mei. Kabla wa mwisho hajatoka, mama yao alikwishataga tena pembeni yake. Wa pili wakaruka Julai, na yai la kwanza la uzao wa tatu lilikuwa chini yao. Mpaka hapo hakuna jipya. Mwaka mzuri unakwenda hivyo. Septemba, ndege wa buluu wa kaunti nzima walipoacha kutaga, yule wa Bi Verlene aliendelea. Akataga Oktoba, majani yakianguka. Akataga Novemba, wiki ya Sikukuu ya Shukrani, watu wakila bata mzinga. Januari theluji ilifika kwenye bomba la jiko, na asubuhi Bi Verlene alikuwa akitoka na fimbo yake na kopo la funza wakavu, anawamwagia kwenye sahani, anafuta theluji juu ya kisanduku kwa ufagio wa mkono, anarudi ndani kupika uji wake wa shayiri.

Royce alimwita afisa wa wanyamapori, mtu mrefu anayeitwa Curtis Pogue. Pogue akaja na kioo kidogo cha mpini kama cha daktari wa meno, akafungua ubavu wa kisanduku, akachungulia.

"Mayai matano," akasema.

"Ni Januari, Curtis," Royce akamwambia.

"Naona."

"Ndege hatagi Januari."

"Huyu anataga." Pogue akafunga ubavu taratibu ili baridi isiingie. "Sheria inasema mayai, Royce. Haijataja mwezi."

Bi Verlene alimpa kahawa na kipande cha keki ya nazi, akala amesimama, akaondoka.

Kwenye meza yetu jambo hili lilizungumzwa kidogo. Hoyt alisema hata yeye angekuwa ndege asingetoka ndani kwa baridi ile. Kisha tukarudi kwenye bei ya dizeli.

Februari, Royce aliingia dukani akanunua gunia la mahindi ya kuparazwa. Sisi wote tulikuwa pale. Mtu anayetunza ndege wa buluu hanunui mahindi ya kuparazwa, kama vile mwenye kuku hafugi mbweha. Ndege wa buluu hayagusi. Anayeyala ni shomoro, na akiyapata mahali anawaita ndugu zake, na wakishiba wanaanza kutafuta nyumba.

"Umeanza kufuga kuku, Royce?" Hoyt alimwuliza.

"Nawalisha ndege wa mama."

"Aha."

Gunia lilikuwa zito. Hoyt akainuka akamshikia mlango.

Royce akawa anamwaga mahindi kwenye ngazi za nyuma kila asubuhi, kopo moja. Bi Verlene akiyafagia, naye anamwaga mengine. "Nawe una ndege zako, mama, nami nina zangu," alikuwa akisema, na hakuinua sauti. Mwezi Machi shomoro walikuwa wengi hadi kamba ya kuanikia nguo ilipinda. Walijenga kwenye mifereji ya paa. Hapo Royce akapanda ngazi akaisafisha mifereji, akavitupa chini viota vyote, madume yakiwa yanatazama kutoka kwenye waya.

Kila anayejua ndege hawa anajua hili: usivunje kiota cha dume la shomoro kabla hujamnasa yeye mwenyewe. Ukivunja, hasira inampanda, na hasira yake hamalizii kwako. Anaimalizia kwa jirani. Bi Verlene alikuwa amelisema hilo kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye shule ya msingi, na nyumbani kwake wakati Royce akila chakula cha jioni, miaka yote.

"Nilikuwa nasafisha mifereji, mama," Royce alisema. "Mvua zinakuja."

Kesho yake asubuhi dume la buluu lilikuwa limetua juu ya bomba la jiko, na funza mdomoni, linatazama tundu. Halikuingia. Bi Verlene akafungua ubavu wa kisanduku. Mama wa buluu alikuwa amelala kifudifudi na kichwa chake hakikuwa na manyoya. Mayai manne yalikuwa na matundu. La tano, lililokuwa chini ya bawa, lilikuwa zima, na lilikuwa na joto.

Alimfunga yule mama kwa kitambaa cha kufutia vyombo, akamzika karibu na maua ya mirangirangi aliyoyapanda Orval, kisha akaenda kwenye simu ya ukutani.

"Yai moja ni yai," Pogue alimwambia. "Lakini bila wa kuliatamia, Bi Verlene, mpaka kesho kutwa kitakuwa kiota kilichoachwa. Kilichoachwa hakihesabiki."

"Na akipatikana wa kuliatamia?"

"Basi ni kiota."

"Asante, Curtis. Msalimie mkeo."

Siku iliyofuata Royce alipofika, alikuta kikombe cha mama yake kimeoshwa na kitanda kimetandikwa. Fimbo ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo ya kisanduku. Ndala zake za nyumbani zilikuwa chini kwenye majani, zimepangwa sambamba. Kwenye tundu la inchi moja na nusu kulikuwa na jicho moja, nyuma ya kioo cha miwani, na nywele kidogo nyeupe.

"Mama."

"Usinipigie kelele, Royce. Kuna yai hapa."

"Umeingiaje humo?"

"Kwa mlangoni."

Royce akalitazama tundu, akaitazama nguzo. "Wamesema mvua leo," akasema.

"Paa ni zuri. Baba yako alilipigilia mwenyewe."

Pogue akaja na kioo chake. Alipofungua ubavu alimkuta Bi Verlene ndani, amevaa gauni lake la nyumbani la buluu, magoti yako masikioni, ameketi juu ya kikombe cha nyasi kavu. Akavua kofia. Akamwomba radhi, akamwuliza kama anaweza kusogea kidogo. Bi Verlene akasogea. Yai lilikuwepo.

"Kiota hai," Pogue akasema.

"Huyo ni mama yangu," Royce akasema.

"Namfahamu. Alinifundisha shule ya Jumapili." Pogue akafunga ubavu. "Sheria inataka mayai na anayeatamia. Haijasema awe nani."

Kwa hiyo akakaa. Watu wa Tolliver walimtembelea kama wanavyomtembelea mgonjwa. Wanawake wa kanisani walileta tambi za kuokwa na jibini, wakampitishia tambi moja moja. Mchungaji aliomba amesimama, mkono juu ya paa. Daktari alimwambia atoe kidole gumba kwenye tundu, akampima mapigo, akasema yanakwenda mbio lakini ni sawasawa, kama ya ndege. Dume la buluu lilikuwa likimletea funza tangu alfajiri, na Bi Verlene alikuwa akiwapokea. Alisema ukiwazoea wana ladha ya mbegu za alizeti.

Alichokuwa akihitaji ni kimoja tu, na alikisema kwa kila aliyefika. Ndani, kwenye droo ya jikoni, kulikuwa na kijiti chenye vipande vya karatasi ya kung'aa, kama ya kufungia zawadi. Yai la kwanza likishatagwa, kijiti hicho hutundikwa juu ya kisanduku, vipande vinapepea karibu na paa. Shomoro anaviogopa. Ndege wa buluu haviogopi. Hakuna anayejua sababu, lakini ni hivyo. Ni kazi ya kupanda kwenye ndoo na kukaza skrubu mbili. Ila mtu aliye ndani ya kisanduku hawezi kuifanya.

"Royce, nitundikie vile vya kung'aa. Viko kwenye droo, chini ya mishumaa."

"Kesho, mama."

Hakukataa hata siku moja. Kila siku alisema kesho.

Aliwaomba wanawake wa kanisani, wakasema watazungumza na Royce. Mchungaji akasema atazungumza na Royce. Hoyt alipopita kurudisha jeki, Bi Verlene alimwita kwa jina.

"Hoyt, wewe una mikono. Droo ya jikoni, mwanangu."

"Ni mambo ya familia, Bi Verlene," Hoyt akamwambia. "Nisije nikaonekana naingilia. Lakini nitazungumza na Royce."

Nani alizungumza na Royce, sijui. Royce mwenyewe alikuwa na shughuli. Jumamosi moja alivitoa vitu vya ndani vyote akavipanga uani, akabandika bango kwenye kona ya barabara, kama watu wanavyofanya wakihama. Magari yalijaa mpaka kanisani. Bi Verlene aliviona viti vyake vikienda, kimoja kimoja, kisha saa ya ukutani, kisha cherehani. Kila aliyepita karibu na nguzo alimwamkia, naye alijibu. Mwanamke mmoja kutoka mji wa pili alimwuliza lile sufuria la chuma kama linashika chakula, akamwambia ukilipaka mafuta halishiki. Msumeno wa Orval uko kwa Hoyt hadi leo. Ni msumeno mzuri.

Jioni ya siku ile ile shomoro wakaanza.

Kwanza majani makavu. Bi Verlene aliyasukuma nje kwa kidole, wakaleta mengine. Wakaleta nyoya za kuku, kamba ya kufungia majani ya ng'ombe, manyoya ya mbwa, kichungi cha sigara. Wakaokota yaliyobaki uani baada ya mauzo: nyuzi za pazia lake, kipande cha kitambaa cha meza, kile kibandiko cha bei kilichokuwa kwenye cherehani. Alikuwa akisukuma kwa kidole kimoja, nao walikuwa wengi, na asubuhi Royce alikuwa akimwaga kopo la mahindi kama kawaida yake. Dume la buluu lilipigana nao siku mbili. Siku ya tatu halikuonekana.

Mpaka maua ya porini yanachanua, miwani yake haikuonekana tena tunduni. Sauti ilisikika ukiweka sikio kwenye mbao. Aliulizia kama mirangirangi imetoa maua. Aliulizia ni siku gani. Waliokuwa wakija kumtembelea walipungua, kwa sababu ni vigumu kuongea na mtu usiyemwona, na tena wanawake wa kanisani walikuwa na chakula cha jioni cha kuchangia paa jipya.

Royce akamwita Pogue tena. Pogue akafungua ubavu. Kisanduku kilikuwa kimejaa juu hadi chini, kimefunikwa hata paa lake kwa ndani, kama shomoro anavyopenda, na katikati kulikuwa na mayai matano yenye madoadoa ya kahawia.

"Bi Verlene?" Pogue akaita.

"Nipo," sauti ikatoka chini.

"Yai lako lipo?"

"Lipo. Nimelikalia."

"Silioni, mama."

"Toa hizo takataka, utaliona."

Pogue akakifuta kioo chake. Kisha akaeleza, kwa heshima, kwamba hana ruhusa ya kutoa kitu kwenye mali ya mtu bila idhini ya mwenye mali, na mwenye mali sasa ni Royce. Yeye kazi yake ni kusema anachokiona. Akamgeukia Royce.

"Naona kiota cha shomoro," akasema.

"Na sheria?"

"Shomoro hana sheria. Alikuja na meli."

Akavaa kofia yake.

Royce akaja na spana siku ya Alhamisi. Na hapa ndipo naapa tena, kwa sababu hapa ndipo mji huu ulipojionyesha. Tulipoona pikapu yake inaelekea kule, meza nzima tuliinuka. Hoyt aliacha kahawa yake inafuka. Tukatembea kwa miguu hadi kwa Bi Verlene, tukaizunguka ile nguzo, kofia mkononi, bega kwa bega. Royce akatutazama mmoja mmoja. Spana ikamponyoka. Akaketi kwenye ngazi za nyuma, kati ya mahindi yake, akalia kama mtoto, kisha akainuka akaenda jikoni, akafungua droo, akarudi na vile vya kung'aa...

"Simama hapo," Hoyt alisema.

Nilikuwa nasoma kwa sauti, nimefika pazuri. Nikamwuliza nini.

"Rudi nyuma kidogo. Nani aliacha kahawa yake?"

"Wewe."

"Mimi sijawahi kuacha kahawa."

Wengine wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

"Hayo mengine sina ugomvi nayo," Hoyt akasema. "Mayai ya Januari niliyaona. Bi Verlene aliingia kisandukuni, niliongea naye kwa mdomo wangu huu. Shomoro walimjengea juu, kweli. Lakini hatukwenda."

"Hatukwenda wote, labda..."

"Hakwenda mtu. Ilikuwa Alhamisi, mvua inanyesha. Mimi nilikaa hapa. Wewe ulikaa kwenye kiti hicho hicho, na ulinilia keki yangu nilipokwenda msalani. Royce alipita hapo mbele na pikapu. Kisanduku kilikuwa kwenye kiti cha abiria, amekifunga mkanda. Wewe ndiye uliyesema, 'Amekifunga mkanda, angalau.'"

Niliwatazama wengine. Kila mmoja alikuwa akitazama kikombe chake.

"Na hakulia," Hoyt akasema. "Alitupungia mkono. Tukampungia."

Ni kweli. Tulimpungia.

Ile sehemu nimeiacha kama nilivyoiandika, ili mjue nilitozwa donati kwa kosa gani. Mengine yako kama yalivyo. Kisanduku kiko makao ya wazee, chumba chenye dirisha, juu ya kabati, na wahudumu wamekibandika jina ili kisichanganywe na mapambo. Wanapitisha uji wa shayiri kwa mrija, katikati ya majani. Hawayatoi majani, kwa sababu hakuna aliyewaambia wayatoe, na kwenye karatasi za kumpokea kisanduku kiliandikwa jinsi kilivyofika. Royce huenda Jumapili baada ya ibada. Hugonga mbao kwa kidole.

"Mama?"

"Nipo."

"Yai?"

"Lipo."

Hukaa kidogo, kisha huenda kula. Yai halijaanguliwa.

Maghala yamekwisha kujengwa na yamejaa. Mimi mwenyewe nimekodi chumba kimoja, kidogo, kwa ajili ya vitu vya marehemu mke wangu. Geti liko pale ilipokuwa nguzo. Juu ya geti kuna herufi kubwa za bati, na ndani ya kila herufi shomoro wamejenga, hata za mviringo.

Siku ile ya kusoma nikainuka, nikaenda kwenye kaunta, nikanunua donati za watu wote, zile za sukari ya unga anazozipenda Hoyt. Tukala. Hakuna aliyeniomba niendelee kusoma. Hoyt alipomaliza yake alikung'uta mapaja, sukari na makombo vikaanguka sakafuni, na shomoro wa mlangoni, wale waliozoea duka, wakaingia wakirukaruka kati ya viatu vyetu na kuanza kuokota. Mmoja alipanda juu ya kiatu changu. Nikatuliza mguu ili asishtuke.